Vijiumbe vya Utumboni na Mapafuni katika Maradhi ya Kifua Kikuu: Tatizo la Kuviita

Mwaka jana ililetwa mezani kwangu rasimu ya kijitabu cha kurasa kumi na sita kilichokusudiwa kugawiwa wagonjwa wa kifua kikuu walio katika matibabu. Ofisi iliyokileta ilitaka Kiswahili chake kihakikiwe, tena katika muda wa siku tatu. Katika ukurasa wa tisa niliikuta sentensi hii: "Dawa hizi huua pia mimea mizuri iliyomo tumboni mwa mgonjwa." Nilisita. Nilipoitazama matini ya asili ndipo nilipotambua kwamba mfasiri alikutana na neno la Kilatini flora, akafungua kamusi, akaona kuwa maana yake ni jumla ya mimea ya mahali fulani, akaandika "mimea". Hakukosa kamusi, alikosa mtu wa kumweleza jambo linalozungumzwa. Kurasa mbili mbele viumbe hao hao waligeuka "wadudu wa tumboni", na katika ukurasa wa mwisho wakawa "vimelea rafiki". Mgonjwa ambaye angekisoma kijitabu hicho angeamini kuwa tumboni mwake mna bustani, kisha mna minyoo, na hatimaye mna maadui waliokwisha kupatana naye.

Lau kosa hilo lingekuwa la kuchekesha tu nisingelitolea makala. Lakini matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na wagonjwa wengi huanza kujisikia wazima mapema, kabla hata miezi miwili ya kwanza haijatimia. Mtu aliyekwisha kupata nafuu, ambaye kila asubuhi anameza vidonge vinavyomchafua moyo, hahitaji sababu kubwa ya kuviacha. Akisoma kwa maandishi ya serikali kwamba dawa hizo huua vitu vizuri vilivyomo mwilini mwake, sababu amekwisha kuipata. Hivyo neno moja lililotafsiriwa ovyo laweza kumrudisha mtu hospitalini, au kumtia kaburini.

Madhumuni ya makala haya basi ni kueleza, kwa kadiri mtu asiye tabibu awezavyo, dhana zilizomo katika elimu hii mpya ya viumbe vidogo vya utumboni na mapafuni mintarafu ya kifua kikuu, na kupima maneno tuliyo nayo ya kuzitajia dhana hizo. Baadhi ya maneno nitayakubali, mengine nitayakataa, na moja au mawili yatabaki bila hukumu.

Ugonjwa na jina lake

Jina kifua kikuu ni zuri. Lataja kiungo kinachoumwa mara nyingi zaidi na kutaja ukubwa wa maradhi yenyewe. Wazungu waliliita gonjwa hili kwa vinundu vinavyoonekana ndani ya pafu la marehemu, maana tuberculum kwa Kilatini ni kinundu. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch aliwatangazia wenzake mjini Berlin kuwa amekiona kisababishi cha ugonjwa, nacho ni bakteria mwembamba mfano wa ufito. Mwaka 1896 bakteria huyo alipewa jina la Mycobacterium, ambalo sehemu yake ya kwanza imetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya uyoga, kwa sababu akioteshwa juu ya kimiminika maabarani hufanya utando unaofanana na ukungu. Yeye si uyoga wala ukungu. Nalitaja jambo hili ili wale wanaotuhimiza kila siku tufuate "usahihi wa kisayansi" wa majina ya kigeni wakumbuke kwamba wanasayansi nao huita kwa sura, kama mvuvi anavyomwita samaki.

Jina letu lina upungufu mmoja tu. Ugonjwa huu waweza kuingia katika mifupa, katika matezi, katika utando wa ubongo, na hata katika utumbo. Ndiyo maana twalazimika kusema "kifua kikuu cha mifupa", maneno ambayo mgeni wa lugha angeyastaajabia. Watu wameyazoea, na sioni haja ya kuyabadili. Ila mfasiri ajihadhari: "kifua kikuu cha utumbo" ni ugonjwa uliouingia utumbo, ilhali habari ninayoishughulikia hapa ni ya bakteria wengine kabisa, wanaoishi utumboni mwa mtu anayeugua mapafu. Rasimu niliyoitaja ilichanganya mambo hayo mawili katika aya moja.

Kuna tofauti nyingine isiyopasa kupuuzwa, nayo ni ile iliyo baina ya kuambukizwa na kuugua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa yapata robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu. Walio wengi miongoni mwao hawataugua maisha yao yote. Watakaougua ni kama watu watano hadi kumi katika kila mia. Hata hivyo hesabu ni kubwa: mwaka 2023 waliougua walikadiriwa kuwa milioni 10.8, na waliofariki milioni 1.25. Kwa nini huyu aliyeambukizwa augue na yule asiugue? Majibu yaliyozoeleka ni upungufu wa kinga utokanao na virusi vya UKIMWI, utapiamlo, kisukari, uvutaji wa tumbaku, na vumbi la migodini. Katika miaka ya karibuni watafiti wameongeza swali jingine: je, viumbe vidogo vinavyoishi utumboni na mapafuni mwa mtu huyo vina sehemu yao katika jambo hili?

Kijidudu, kimelea, kijasumu au kijiumbe?

Kabla ya kulijibu swali hilo hatuna budi kuamua tuviite nini. Hapa lugha yetu haina umaskini. Tatizo lake ni wingi.

Neno lililoenea kuliko yote ni kijidudu. Limeundwa vizuri, kila mtu analifahamu, na katika habari za kinga ya magonjwa latosha: nawa mikono uondoe vijidudu. Lakini likiunganishwa na tumbo huleta picha nyingine. Mtu wa kawaida akiambiwa kuwa tumboni mwake mna vijidudu, au vibaya zaidi "wadudu", hufikiria minyoo, naye atakwenda dukani kununua dawa ya minyoo. Sina njia ya kumlaumu. Mdudu aliye tumboni, katika Kiswahili cha watu wote, ni mnyoo.

Kimelea kimetokana na kitenzi kumea, na maana yake ya msingi ni kile kimeacho juu ya kingine na kujilisha kwacho, kama mmea unaootea juu ya mti wa mwembe na kuunyonya. Neno hilo lastahili vizuri kabisa kwa kisababishi cha malaria. Siku hizi matumizi yake yamepanuka mno. Katika nyaraka za afya za Tanzania twasoma "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", ambao umefupishwa kuwa UVIDA, na ndani ya neno vimelea wamo bakteria, virusi na kuvu, mradi tu waletao magonjwa. Kwa matumizi hayo sina ugomvi. Lakini haiwezekani neno hilo hilo likatumiwa kwa bakteria wa utumboni ambao hawamnyonyi mtu, bali baadhi yao humtengenezea vitamini na kumsagia chakula ambacho utumbo wenyewe umeshindwa kukisaga. "Kimelea rafiki" ni sawa na kusema "mwizi mwaminifu".

Kijasumu nacho kina sumu tumboni mwake. Neno hilo, na ndugu yake kiuavijasumu litumiwalo kwa dawa za jamii ya penisilini na streptomisini, yamekwisha kuingia katika vitabu vya shule, na kiuavijasumu ningependa kibaki. Lakini kama kimelea, kijasumu kinamhukumu kiumbe kabla hajashitakiwa.

Limebaki kijiumbe. Kiumbe ni kilichoumbwa, nacho si chema wala si kiovu. Tukikidunisha twapata kijiumbe, wingi wake vijiumbe. Neno hili halisemi zaidi ya kwamba kitu kina uhai na ni kidogo, na hilo ndilo tulitakalo. Ninalipendekeza kwa bakteria, kuvu na virusi wote kwa jumla, ama wawe wanadhuru ama hawadhuru; na pale tunapokusudia bakteria peke yao tuseme bakteria, neno ambalo lilikwisha kutoholewa zamani na halina haja ya kufukuzwa. Wapiga chapa waonywe juu ya jambo moja. Ikidondoka i moja, vijiumbe huwa vijumbe, na kijumbe kwa wengi wetu ni yule mama au bwana anayekusanya fedha za upatu. Nimekwisha kuisoma taarifa moja rasmi iliyoeleza athari za "vijumbe vya tumboni".

Walimu wataniuliza habari za upatanisho wa kisarufi: tuseme vijiumbe hivi au vijiumbe hawa? Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba majina ya viumbe hai, hata yakiwa na umbo la ki-vi, hufuata upatanisho wa m-wa; ndiyo maana twasema kiboko huyu na vipofu hawa. Lakini udunishaji huiondoa kanuni hiyo, kwani twasema kijitoto hiki na vijidudu hivi. Kwa kuwa kijiumbe ni dunisho, nitasema vijiumbe hivi. Kwa upande wa bakteria nitasema bakteria huyu na bakteria hawa, ingawa wapo wasemao bakteria hizi na sijaona hasara kubwa waliyoileta.

Sasa dhana ya pili. Wataalamu hawataji kijiumbe kimoja kimoja tu, bali jumla ya vyote viishivyo mahali pamoja, kila aina kwa kadiri yake, vikishindania chakula na kulishana. Jumla hiyo ndiyo waliyokuwa wakiiita flora zamani, kwa sababu bakteria waliwahi kuhesabiwa katika kundi la mimea. Leo huiita mikrobiota. Kwa Kiswahili napendekeza jamii-vijiumbe. Jamii ya watu nayo ina wakazi wa kudumu, wapita njia, wenye faida na wasio na faida. Mfano huo unafaa. Lipo pia neno mikrobiomu, ambalo wengine hulitumia kana kwamba ni lile lile. Tofauti yake ni kwamba hujumlisha pamoja na vijiumbe vyenyewe jeni zao zote na mazingira wanamoishi. Kwa maana hiyo finyu ya kitaalamu, itakayosomwa na watu wa maabara, nashauri tuliache jinsi lilivyotoholewa. Si kila neno litafutiwe asili ya Kibantu.

Utumbo na mapafu vyaambizana nini

Wingi wa vijiumbe hivi wahitaji kutajwa kwa tarakimu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa mwilini mwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 wamo bakteria wapatao trilioni 38, huku chembe hai za mwili wake mwenyewe zikiwa kama trilioni 30. Ule usemi wa zamani kwamba bakteria wanatuzidi mara kumi hauna msingi tena, na walimu wa sayansi wafanye hima kuufuta ubaoni. Karibu wote wamo katika utumbo mpana, na uzito wao kwa jumla ni gramu 200 hivi.

Bakteria hao huchachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo hatukuzisaga, na katika uchachushaji huo hutoa asidi shahamu za mnyororo mfupi. Mashuhuri katika hizo ni butirati, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotanda ndani ya utumbo mpana. Asidi hizo huingia katika damu, na damu hupita mapafuni. Isitoshe, chembe za kinga zilizopata mafunzo yao kandokando ya utumbo nazo husafiri. Kwa njia hizo hali ya utumbo yaweza kubadili namna pafu linavyompokea bakteria wa kifua kikuu.

Ushahidi ulianza kwa wanyama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 panya walipewa viuavijasumu vya kuvuruga jamii-vijiumbe ya utumbo wao, kisha wakaambukizwa. Bakteria wa kifua kikuu wakaongezeka mapafuni mwao kuliko kwa panya ambao hawakupewa. Walipopandikiziwa vijiumbe kutoka katika kinyesi cha panya wazima, kinga yao ilirudi. Mwaka 2018 ilielezwa pia kwamba asidi indolipropioniki, ambayo hutengenezwa na baadhi ya bakteria wa utumboni, humzuia bakteria wa kifua kikuu asikue maabarani. Panya si mtu, wala chombo cha maabara si pafu. Mfasiri asiviruke viunganishi vya tahadhari vilivyomo katika matini za namna hii. "Huenda" na "imeonekana kwa panya" ni sehemu ya habari yenyewe.

Kwa upande wa mapafu, tulifundishwa sote kuwa pafu la mtu mzima halina bakteria hata mmoja. Fikra hiyo ilikuwa na nguvu hata mpango mkubwa wa Marekani wa kuchunguza vijiumbe vya binadamu ulipoanza mwaka 2007 haukuliweka pafu katika orodha ya viungo vya kuchunguzwa. Leo yajulikana kwamba bakteria wamo, ila ni wachache mno wakilinganishwa na wa utumbo. Wengi huingia kutoka kinywani, kwa sababu kila mtu, hasa akiwa usingizini, huvuta mapafuni chembechembe za mate yake, na mwili huziondoa kwa kikohozi na kwa nywele ndogo zinazofagia njia za hewa. Kwa hiyo jamii-vijiumbe ya pafu haifanani na kijiji chenye wakazi wa siku zote. Inafanana zaidi na stendi ya mabasi.

Jambo hilo lina upande wake wa lugha. Sampuli ya pafu ambayo ni rahisi kuipata ni makohozi, ambayo baadhi ya watu wa pwani na visiwani huyaita belghamu. Makohozi hupita kinywani, na mtafiti asipoangalia atahesabu wakazi wa kinywa akadhani ni wa pafu. Mgonjwa naye asipoelekezwa vizuri hutema mate katika kikopo, na kipimo kikamwonyesha kuwa hana ugonjwa. Nimeyaona maelekezo yaliyosema "tema mate mazito". Maneno hayo yafutwe kila yanapoonekana. Makohozi si mate mazito; hutoka chini, kwa kukohoa kwa nguvu, na mate hutoka kinywani.

Utafiti ulionivutia kuliko yote ulifanywa Afrika Kusini, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, ukachapishwa mwaka 2017. Ulihusu watu wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali. Wale ambao damu yao ilikuwa na asidi shahamu za mnyororo mfupi kwa wingi zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu baadaye. Na butirati, ile ile tuliyoisifu hapo juu kwa kuulisha utumbo, ilipotiwa katika chembe za kinga ilipunguza nguvu yao ya kumkabili bakteria wa kifua kikuu. Kitu kinachotenda wema kikiwa utumboni chaweza kutenda kinyume chake kikiwa kwingineko. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya maneno kama "bakteria wazuri", "bakteria wabaya" na "bakteria rafiki". Hayaudhi sikio tu. Yanasema jambo ambalo sayansi yenyewe haikulisema. Pendekezo langu ni vijiumbe wenyeji, au bakteria wenyeji. Mwenyeji yupo kwake. Tabia yake ni habari nyingine.

Hapa pia ndipo linapoingia neno mhimili. Watafiti huyataja mawasiliano ya utumbo na mapafu kwa neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri "mhimili". Lakini msomaji wa Kiswahili akiona "mhimili wa utumbo na mapafu" atatafuta nguzo, kama vile mihimili ya dola. Hakuna nguzo hapo. Kuna mjumbe anayekwenda na kurudi. "Mawasiliano ya utumbo na mapafu" yatosha.

Dawa

Katika miaka ya 1960 mgonjwa wa kifua kikuu alitumia dawa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1970 ulianza utafiti wa pamoja wa nchi za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia pamoja na Uingereza, ambao ulidhihirisha kwamba miezi sita yaweza kutosha endapo rifampisini itakuwamo. Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki basi wana haki ya kutajwa wanapotajwa wenye kuufupisha muda huo. Mpango wa kawaida wa leo ni miezi miwili ya isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya isoniazidi na rifampisini. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali pia mpango wa miezi minne kwa baadhi ya wagonjwa.

Dawa hizi hazifanani katika jambo linalotuhusu. Isoniazidi na pirazinamidi humlenga bakteria wa kifua kikuu na jamaa zake wa karibu. Rifampisini huua bakteria wa aina nyingi, nayo ndiyo iliyoonekana katika panya kuwa chanzo kikuu cha mabadiliko ya jamii-vijiumbe ya utumbo. Istilahi inahitajika hapa. Wengine wameandika "dawa yenye wigo mpana", nami naiunga mkono. Wigo ni uzio, na uzio mpana huzingira wengi. Walioandika "dawa pana" wametuachia kidonge kisichopita kooni.

Kwa watu, uchunguzi ulifanywa Haiti na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa waliokuwa katika matibabu walikuwa wamepungukiwa na aina kadhaa za bakteria wa utumboni wenye kuhusika na kinga, ingawa idadi ya aina zote kwa jumla haikuporomoka kama ilivyotazamiwa. Tena, kwa watu waliokwisha kupona, tofauti ziliendelea kuonekana zaidi ya mwaka mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Wapo wanaouliza kama hiyo ndiyo sababu mtu aliyepona kifua kikuu aweza kuambukizwa na kuugua tena kwa wepesi. Swali ni zuri, na mfasiri aliache likiwa swali.

Nitaingiza hapa jambo la kando. Streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 huko New Jersey kutoka katika bakteria wa udongoni. Asili ya rifampisini ni bakteria aliyetolewa katika udongo wa msitu wa misonobari wa pwani ya kusini ya Ufaransa mwaka 1957. Kwa hiyo anayemeza rifampisini anatumia silaha ya kijiumbe kumwua kijiumbe, na kuwajeruhi wengine wasiohusika. Walimu wanaotafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi kwa nini kijasumu si jina la kuwafaa bakteria wote, huu hapa.

Neno usugu nalo lahitaji mkono wa mtengenezaji. Ugonjwa sugu kwa watu wengi ni ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari au shinikizo la damu. Kifua kikuu sugu, katika matumizi ya kliniki zetu, ni kile ambacho bakteria wake hawafi kwa dawa za kawaida. Mgonjwa aliyekohoa miaka miwili aweza kudhani analo hilo la pili kwa sababu tu ya miaka. Na tusemapo "usugu wa dawa", aliye sugu ni nani? Kisarufi ni dawa. Tuandike "usugu dhidi ya dawa", na panapokuwa na nafasi tumtaje mwenye usugu: bakteria, wala si mgonjwa.

Namna ya kumwambia mgonjwa

Nirudi katika ile rasimu. Wapo waliosema katika kikao kwamba sentensi ya ukurasa wa tisa ifutwe kabisa, maana mgonjwa asiyejua hatakuwa na la kuogopa. Nilikataa, na sikukataa kwa ajili ya lugha tu. Mgonjwa huyo atalisikia jambo hili kwa jirani, au atalisoma kwenye simu ya mwanawe, na atalisikia bila maneno ya kulizuia lisipotoke. Rifampisini yenyewe huubadili mkojo ukawa wa rangi ya machungwa; wahudumu walikwisha kujifunza kwamba mgonjwa asiyeambiwa mapema hudhani anakojoa damu na kuzitupa dawa. Afadhali aambiwe na aliyempa dawa.

Baada ya majadiliano marefu tulikubaliana na matabibu tuandike hivi: "Dawa hizi huua bakteria wa kifua kikuu. Baadhi yake hupunguza pia bakteria wenyeji wa utumbo wako, ambao hawakuleta ugonjwa huu. Hiyo si sababu ya kuacha dawa. Ukiziacha kabla ya muda, bakteria wa kifua kikuu waliobaki wataongezeka tena, na huenda wakawa sugu dhidi ya dawa. Tumbo likikusumbua, mweleze mhudumu wa afya." Mtu mmoja alitaka tuongeze kwamba mgonjwa anywe mtindi au togwa ili airudishe jamii-vijiumbe yake. Mtindi na togwa ni vyakula vyema, na kweli vimechachushwa na bakteria. Lakini hakuna utafiti uliokwisha kuthibitisha kwamba vyaponya kifua kikuu au kuyarekebisha madhara ya dawa zake, na kijitabu cha serikali si mahali pa kubahatisha. Tukaacha.

Neno moja lilitushinda. Wataalamu wana istilahi ya hali ambayo jamii-vijiumbe imepoteza uwiano wake wa kawaida, wengine wakapungua mno na wengine wakazidi. Niliandika "mvurugiko wa vijiumbe", nikaridhika nao. Muuguzi aliyekuwapo akaniuliza: "Sasa kaka, nikimwambia mgonjwa tumbo lako limevurugika, ataelewa nini?" Ataelewa kuwa anaharisha, ilhali hali hiyo yaweza kuwapo pasipo dalili hata moja. Muuguzi alikuwa na haki. Tulijaribu "kuyumba", tukaona kunaleta kizunguzungu. Tulijaribu "upogo", wengi hawakulifahamu. Kijitabuni tuliandika "uwiano wa vijiumbe kuharibika", maneno manne ya kueleza, wala si istilahi. Wafasiri, walimu na wauguzi wenye neno lililo bora waliandikie Baraza, na waeleze pia katika sehemu zao neno hilo hutumiwa kwa jambo gani jingine.

Kijitabu kilitoka mwezi uliofuata. Ukurasa wa tisa umepigwa chapa kama tulivyouandika. Katika ukurasa wa kumi na mbili "wadudu wa tumboni" bado wamo.